Rivyu ya mbegu za GMO: mbegu nazipa nyota kati ya mbili na tano, wauzaji nawapa moja na nusu

Haya jamani, bidhaa hii ipo sokoni kwa kiwango kikubwa tangu 1996 na mpaka leo ikitajwa tu watu wanagawanyika, hawa wanasema sumu, wale wanasema mkombozi, af ukiwasikiliza vizuri unagundua wote wanaongea kana kwamba GMO ni mbegu moja inayotoka kwenye gunia moja. Hakuna kitu kama hicho. GMO ni njia ya kutengeneza mbegu kwa kubadilisha jeni za mmea maabara, na zilizotokana na njia hiyo zinatofautiana sana, ipo ya kujikinga na wadudu, ipo ya kuvumilia dawa ya magugu, ipo ya kuzuia virusi, ipo ya vitamini. Kwa hiyo mi nazipa nyota kila moja kivyake, na huduma kwa mteja naipa zake peke yake maana ndo iliyoniudhi zaidi.

Naanza na Bt kwa sababu ina rekodi ndefu. Jina limetoka kwa bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, ambaye wakulima wa kilimo hai walikuwa wanampuliza shambani kama dawa miaka mingi kabla GMO haijazaliwa. Watafiti walichofanya ni kuchukua jeni inayotengeneza protini ya huyo bakteria wakaiweka ndani ya mmea, basi mmea ukawa unajitengenezea dawa wenyewe. Kiwavi anakuja, anang'ata jani, protini inashuka tumboni kwake ambako kuna hali ya alkali, yaani kinyume cha asidi, inayeyuka, inashika kwenye vipokezi vya ukuta wa utumbo na kuutoboa matundu. Baada ya saa chache haleti tena mdomo kwenye jani, siku mbili tatu kafa. Tumbo la binadamu ni la asidi na vipokezi vile halina, kwa hiyo kwetu inasagwa kama protini nyingine yoyote. Ila tuelewane, inaua kundi lile lililokusudiwa tu. Vidukari na utitiri wanaendelea kula raha mustarehe, na mkulima aliyeambiwa "hutashika tena bomba la dawa" alidanganywa mchana kweupe.

Sasa matokeo. Mwaka 2014 watafiti Klümper na Qaim walikusanya tafiti 147 wakakuta kwa wastani matumizi ya viuatilifu yalishuka 37%, mavuno yalipanda 22% na faida ya mkulima ikapanda 68%. Mashabiki wanapenda kuishia hapo. Mwaka 2016 Akademia za Sayansi za Marekani zikatoa ripoti nene ikisema ukiangalia takwimu za nchi nzima huoni dalili kwamba mavuno ya mahindi, soya na pamba yalianza kupanda kwa kasi kuliko yalivyokuwa yanapanda kabla ya GMO, na wapinzani nao wanapenda kuishia hapo (ripoti hiyohiyo inasema hawakukuta ushahidi kwamba vyakula hivi vina hatari zaidi kiafya kuliko vya kawaida, hicho kipande wanakiruka). Wala matokeo hayo mawili hayapingani. Bt haiongezi uwezo wa mmea kuzaa, inachofanya ni kuzuia kilichozaliwa kisiliwe na funza. Kama wadudu ni wengi na dawa ulikuwa unaipata kwa shida utaona tofauti kubwa, kama ulikuwa unawadhibiti vizuri kwa dawa za kawaida utaona kidogo, pengine utabaki unajiuliza mbona mbegu ni ghali hivi.

Kwenye kudumu ndo nyota zinaanza kudondoka. India waliruhusu pamba ya Bt mwaka 2002, na ilipofika 2010 kampuni yenyewe iliyoitengeneza, Monsanto, ikakiri kwamba kule Gujarat funza mwekundu ameshaizoea. Huyu mdudu ni mshenzi kwelikweli, nondo anataga juu ya tumba, kiwavi anatoboa anaingia ndani na kula mbegu akiwa humohumo, kwa nje tumba linaonekana zima, siku linafunguka ndo unakuta pamba ina madoa na imesokotana. Kinga ilijulikana tangu mwanzo: unatenga sehemu ya shamba unapanda mbegu ya kawaida, wadudu wasio sugu wazaliane pale ili wakapandane na wale wachache sugu na usugu usienee. Pakiti ya mbegu hiyo ilikuwa inakuja pamoja na ile ya Bt, na wengi hawakuipanda. Na mi siwalaumu sana, nani aliyekaa na mkulima mwenye kashamba kadogo akamweleza kwa nini alime chakula cha funza? Marekani mdudu yuleyule, teknolojia ileile, lakini ile sehemu ya mbegu ya kawaida ilisimamiwa miaka ya mwanzo, baadaye wakaongeza na kumwaga kwa ndege mamilioni ya nondo waliofanywa tasa, na mwaka 2018 serikali ikatangaza kwamba funza mwekundu ametokomezwa kwenye maeneo yao ya pamba. Kwa hiyo Bt ikiwa na usimamizi nyota nne na nusu. Bila usimamizi nyota mbili, na hizo mbili ni za miaka ya mwanzo tu.

Kisa ninachokirudia kila siku kwenye mabishano ni cha Burkina Faso, sababu hakina sumu wala njama ndani yake. Walianza kulima pamba ya Bt kibiashara 2008. Funza wakapungua, mkulima aliyekuwa anapuliza mara sita kwa msimu akawa anapuliza mara mbili, mavuno yakapanda, kila mtu shambani kacheka. Shida ikaanzia kwenye viwanda vya kuchambua. Nyuzi zilitoka fupi kuliko zamani, na kwenye kila tani ya pamba mbegu wakawa wanapata pamba nyuzi kidogo kuliko walivyozoea, wakati pamba ya Burkina ilikuwa imejijengea jina duniani kwa urefu wa nyuzi zake. Mkulima anafurahi, kiwanda kinalia, mnunuzi anashusha bei. Kufikia 2016 wakarudi kwenye mbegu zao za zamani. Jeni ilifanya kazi yake barabara kabisa, ila ile mbegu iliyowekewa jeni haikutoka na ubora wa mama yake, na hilo mnunuzi yeyote wa mbegu anatakiwa aulize kabla ya kuuliza habari za kansa.

Biringanya ya Bt ya Bangladesh naipa nne bila kusita. Iliruhusiwa 2013, taasisi ya utafiti ya serikali ndo iliyoisimamia, na mkulima anaruhusiwa kutunza mbegu yake mwenyewe apande msimu ujao. Tena jeni hiyo ilitoka India, ambako waziri alisimamisha biringanya hiyohiyo mwaka 2010, kwa hiyo mpaka mmoja, funza mmoja, huku inalimwa kule imezuiwa.

Ya kuvumilia dawa ya magugu, mbili. Naipa mbili kwa sababu inarahisisha kazi kweli, unapuliza glaifoseti shamba zima, magugu yanakufa soya inabaki imesimama, na kuna waliopunguza kulima udongo kabisa na mmomonyoko ukapungua. Lakini ukipuliza dawa ileile kila mwaka kwenye eneo la ukubwa ule ulitegemea nini? Magugu sugu yakajitokeza, likiwemo la jamii ya mchicha linaloitwa Palmer amaranth ambalo linaweza kumpita mtu urefu na mmea mmoja wa kike unatoa mbegu laki kadhaa. Jibu la makampuni likawa nini? Mbegu mpya inayovumilia dawa nyingine, dikamba, ambayo inapeperuka na kuunguza mazao ya jirani ambaye hakununua mbegu hiyo wala hakuomba dawa. Hapa wapinzani mna hoja, shida ni kwamba mnaiacha mnakimbilia kusema watu wataota mkia.

Papai la Hawaii nyota tano, sina maneno mengi. Virusi vya madoa ya pete viliingia eneo kuu la kilimo mwaka 1992 vikawa vinamaliza mashamba, mtafiti Dennis Gonsalves na wenzake wakatengeneza papai lenye kipande cha jeni ya virusi vyenyewe, 1998 wakulima wakapewa mbegu, zao likaokoka. Basi.

Tuje kwenye kukubalika, maana hapa ndo huduma kwa mteja inapata moja na nusu. Watu wanasema wananchi wanaogopa GMO kwa sababu hawajasoma. Mi sikubaliani, au nakubali nusu. Mwaka 1996 maduka ya Uingereza yaliuza nyanya ya kopo iliyotokana na nyanya za GMO, kopo limeandikwa wazi kabisa na bei yake ni nafuu kuliko nyingine, na watu waliinunua vizuri tu. Ikaja 1998 mtafiti mmoja, Arpad Pusztai, akatokea kwenye televisheni akidai panya waliolishwa viazi vya GMO vya majaribio walidhurika, na wakati huohuo soya ya GMO ilikuwa inaingia imechanganywa na ya kawaida bila mlaji kuulizwa. Moto ukawaka, na ile nyanya ya kopo ambayo haikuwa na kosa lolote ikaondolewa pamoja na wenzake. Walioficha waliwachomea walioandika.

Insulini wanayojichoma wagonjwa wa kisukari inatengenezwa na bakteria waliobadilishwa jeni tangu 1982, umewahi kuona mtu anaandamana? Hamna, kwa sababu mgonjwa anaona faida yake. Sasa mlaji wa mafuta ya soya ya GMO kapata nini? Hayajawa matamu zaidi wala hayana kitu cha ziada, faida yote imeishia kwa muuza mbegu na mwenye trekta, yeye kaachiwa wasiwasi peke yake. Halafu mnashangaa uchunguzi wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, uliotoka 2015 ulikuta wanasayansi 88% wanasema ni salama kula na wananchi wa kawaida ni 37% tu.

Na makampuni yalipigana miaka na miaka kuzuia lebo, hoja yao lebo itatisha watu. Jimbo la Vermont kule Marekani likalazimisha lebo 2016, watafiti wakapima, upinzani kule ukashuka. Ukweli ulikuwa bei rahisi kuliko mawakili.

Wapinzani nao nawadai. Ule utafiti wa Mfaransa Séralini wa 2012 kuhusu mahindi ya GMO, wenye picha za panya wenye mauvimbe ulitumia panya kumi kwa kila kundi, tena wa aina ambayo ikizeeka huota uvimbe hata ikilishwa kitu gani, jarida likaufuta 2013. Lakini Kenya ilishapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO Novemba 2012 huku utafiti huo ukiwa umepamba moto, na marufuku ikakaa mpaka Oktoba 2022. Na hii habari ya "mbegu zisizoota mara ya pili", teknolojia hiyo ilipewa hataza (haki miliki ya uvumbuzi) 1998 na haijawahi kuuzwa popote. Kinachomzuia mkulima kurudia mbegu mara nyingi ni mkataba na hataza, au ni chotara ambayo hata isiyo GMO ukiirudia inapoteza nguvu. Ugomvi wa hataza ni wa haki kabisa, upigeni kama ugomvi wa hataza.

Mchele wa dhahabu, ule wenye kianzio cha vitamini A wa watafiti Potrykus na Beyer, sijaupa nyota. Ulitangazwa mwaka 2000, Ufilipino wakaruhusu ulimwe 2021, mahakama ya rufaa ikafuta kibali 2024. Umetumika kama bango la matangazo kwa zaidi ya miaka 20 na walengwa wengi hawajawahi hata kuuonja, na siwezi kutoa rivyu ya mzigo ambao haujafika.