TAHADHARI: Jamaa wa kabureta za Land Rover kanipiga, angalieni asije akafika kwenu

Ndugu zangu wa Mtwara, Lindi, Masasi mpaka Newala huko juu, naandika hii mkono bado unatetemeka kwa hasira. Siku nne nimekaa kimya naona aibu, ila jana nimesikia jamaa kaonekana Lindi mjini anamuulizia yule mzee mwenye Land Rover 109 ya kijani, nikasema hapana, bora watu wanicheke mimi kuliko na yule mzee aibiwe.

Land Rover ya marehemu mzee, baba yangu, mnaijua. Toka mwezi wa saba imekuwa inasumbua silensa, yaani ule mngurumo wa injini ukiwa hukanyagi aksileta, asubuhi ya baridi inawaka vizuri tu, ikishachemka ukisimama hapo sokoni inapanda inashuka, inapanda inashuka, halafu inazima, na harufu ya petroli unaisikia mpaka kwenye siti. Fundi wangu alikuwa Liwale kwenye msiba, na kwa yule fundi mwingine sirudi tena. Na korosho ziko Tandahimba zinanisubiri, magunia yamefungwa, chama cha msingi kinapokea, kila siku naambiwa leta mzigo leta mzigo. Sasa mtu wa hivyo akipigiwa simu akaambiwa "njomba nasikia una Land Rover inakusumbua kabureta" atafanyaje?

Akaja Jumamosi baada ya alasiri hapa nyumbani Chikongola. Kijana msafi, ovaroli imefuliwa, kavua viatu mlangoni, shikamoo mama, kakaa chini kwenye mkeka kala ming'oko na sisi. Aliposikia gari ni ya marehemu akavua kofia, akamuombea dua. Mama akampenda palepale. Na nisiseme uongo, kazi anaijua. Aliangalia kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, mara moja tu akasema hii ni Zenith 36IV, gari za zamani kabla yake zilikuja na kabureta za Solex, akasema injini hii ni ya cc 2286, vyote kweli. Nikajua nimepata mtu.

Akafungua kabureta ya mzee mbele yangu. Katoa kile kipande cha juu, kakipangusa na kitambaa, akachukua rula ya chuma akailaza kwenye uso kwa ubavu, akawasha tochi ya simu upande wa pili akaniambia inama uangalie. Nikainama. Mwanga ulikuwa unapita chini ya rula, mstari mwembamba kama uzi, katikati pale. Akasema unaona njomba, uso umepinda, inavuta hewa pasipotakiwa na petroli inapita pasipotakiwa, ndiyo maana silensa haishiki, hizi zikishapinda zimekufa, hazitengenezeki. Nimeona kwa macho yangu mwenyewe! Sikuambiwa, nimeona mwanga. Ndiyo maana nawaambia mtu asinibeze kwamba nilikuwa mjinga, alinionyesha ugonjwa wa kweli halafu akanidanganya kwenye dawa.

Ndio akatoa kwenye begi ile yake, imefungwa kwa kitambaa cha kaniki, inang'aa, anasema imetoka stoo ya misheni moja, wazungu waliondoka wakaacha spea, Mwingereza orijino haijawahi kufungwa kwenye gari. Laki nne. Nikalia nae mpaka laki tatu na themanini, na kwenye hiyo anashusha ishirini nyingine kama nitamwachia ile mbovu akauze chuma chakavu. Nikakubali. Hapo ndipo roho inaponiuma mpaka sasa hivi.

Akafunga. Dakika arobaini hivi. Akaniambia panda ndani kanyaga aksileta taratibu, usiachie mpaka nikwambie, mimi nimekaa kwenye usukani boneti imesimama mbele yangu sioni kitu, namsikia tu anasema "hapohapo, hapohapo". Kumbe ndio wakati anafanya uchafu wake. Nikaitwa nje. Injini inanguruma imetulia, jamaa akatoa shilingi mia mbili mfukoni akaisimamisha kwa ukingo juu ya kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini. Ikasimama. Injini inawaka na sarafu imesimama haianguki! Mama akatoka na mtandio kichwani akasimama mlangoni akasema hii ndiyo sauti ya gari alipokuwa hai baba yenu, akaanza kulia. Sasa mimi hapo nisilipe? Nilituma laki tatu na sitini na ya kutolea juu.

Nikamwambia twende tukaijaribu mpaka Mikindani tupande kile kilima. Akasema hapana, iache ipoe, gasketi ikae, usiguse skrubu yoyote mpaka kesho. Akapanda boda na begi lake na kabureta ya mzee ndani. Simu usiku inaita, asubuhi haipatikani.

Jumapili nimetoka alfajiri na mdogo wangu. Kabla hatujafika Nanyamba moshi mweusi unatoka nyuma kama tunachoma tairi, gari haina nguvu, lita ishirini nilizojaza mshale unashuka nauona. Kupita Nanyamba ikaanza kukohoa, ikazima, ikawaka, ikazima moja kwa moja. Tumekaa pale juani mpaka saa kumi na mbili jioni. Fuso ikatuvuta, nimelipa themanini, na mzigo wa korosho ukabaki kulekule.

Fundi karudi Jumanne, kaifungua, hakusema neno muda mrefu. Kwanza kanionyesha kipande cha waya wa shaba, mwembamba kama ule wa kwenye koili ya feni, umefungwa kwenye mkono wa choki, kile kifuniko kinachobana hewa ili petroli iwe nyingi, ili choki ibaki imejifunga kidogo muda wote. Ndio maana sarafu ilisimama! Kabureta aliyonifungia inavuta hewa kwenye shafti ya chini, ile inayozungushwa na aksileta, imelika, unaishika inacheza mkononi, sasa jamaa kaifungia choki petroli iwe nyingi kuficha ile hewa, na skrubu ya silensa kaikaza mpaka karibu na mwisho. Fundi alivyokata ule waya ikawa haikai kabisa, akapuliza klina ya kabureta pembeni ya shafti, injini ikabadilika sauti hapohapo. Pili, rangi ya fedha ni ya kupuliza, ukikwangua na kucha chini kuna kutu na palipolika. Tatu, nyuso zote kapaka silikoni nyekundu. Silikoni na petroli haviishi pamoja, ikalainika ikakatika, fundi kachomoa uzi mwekundu kwenye jeti, kile kijitundu cha kupitisha petroli, kwa sindano, mfupi kuliko punje ya mchele, ndio huo umetulaza njiani.

Halafu akaniuliza ya mzee iko wapi. Nikamwambia. Akashika kichwa. Akasema hizi Zenith kupinda uso ni ugonjwa wake wa siku zote, unachukua kioo kinene, unalaza msasa laini, unausaga uso taratibu mpaka uwe sawa, unabadilisha ile oringi ndogo ya ndani, kazi ya mchana mmoja. Elfu kumi na tano pamoja na soda yake. Mzee kaitunza ile kabureta toka sijazaliwa, mimi nimempa mwizi kwa punguzo la elfu ishirini. Mama sijamwambia mpaka leo, kila akisikia nimewasha kitu nje anauliza mbona huendi shamba.

Sasa akija kwenu, kataeni kufungiwa bila kuendesha. Ikishachemka mwambie akaze skrubu ya mchanganyiko mpaka ndani, kabureta ikiwa nzima injini lazima izime, isipozima jua petroli inapita kwingine. Tikisa shafti kwa vidole. Na msimpe ile ya zamani, hata akisema nini! Mengine fundi wangu anaweza kuwaeleza vizuri mimi sina kichwa cha kuandika.

Huyu mtu akamatwe. Simaanishi apigwe njiani, namaanisha afikishwe kituoni, awekwe ndani, asimame mbele ya hakimu arudishe hela za watu mmoja mmoja, maana nimeshapigiwa na mwingine wa Masasi kafanyiwa hivihivi kwenye Datsun pick-up, sarafu ileile, dua ileile. Kumuombea marehemu wa mtu dua huku unamuibia mwanawe, huyo ni binadamu wa aina gani? Nimesharipoti polisi hapa mjini. Aliyeibiwa na yeye aje tuandikishe pamoja, tukiwa wengi hawatatuambia ni biashara tu mlikubaliana.

Mrefu wa wastani, mweusi, anaongea Kiswahili cha Dar lakini anaita watu njomba, ana begi la mgongoni la bluu zipu moja imekufa.

Na nyie wenye maduka ya spea na wanunuzi wa chuma chakavu, nawaomba sana. Mkiletewa Zenith, geuzeni muangalie chini ya bakuli la floti. Mzee alipiga nukta tatu kwa panchi, zimekaa pembetatu, moja imezama zaidi ya wenzake. Hiyo ni yetu. Msiiyeyushe, msimuuzie mtu, nitalipa bei mtakayosema.