Kipimo cha chumvi cha shilingi 2,500 kwenye bwawa langu Malindi: uzoefu wangu

Mpwa wangu aliibuka majini, akatema, akaniuliza: "Mjomba, kwani mmetia maji ya bahari?" Bwawa letu ni la klorini ya kawaida, halina mashine ya chumvi. Lakini kweli, vigae vya ukingoni vilikuwa vimeota ukoko mweupe na ngazi ya chuma ilishaanza madoa ya kutu. Duka moja lilikuwa limeniuzia dawa ya "kuua chumvi". Pesa ile ilipotea bure, kwa sababu chumvi haifi. Hutoka pale tu maji yanapotolewa.

Ndipo nikanunua kipimo cha mkononi, umbo la kalamu. Unakichovya, unasubiri tarakimu zitulie, basi. Bwawani kilisoma miligramu 3,900 kwa lita. Maji ya bomba 400. Kisimani, ninakochota ya kuongezea, 1,600! Fundi wangu akaangalia tarakimu, akasema, "Mwanangu, jua hunywa maji, halinywi chumvi."

Tukakaa kivulini tukapiga hesabu. Bwawa ni lita 48,000. Msimu wa kaskazi hupungua kama milimita 5 kwa siku, yaani lita 160 hivi, nami hufidia kwa maji ya kisima. Hapo tu ni zaidi ya kilo 7 za chumvi kwa mwezi. Klorini ya maji nayo, kila miligramu moja ikishamaliza kazi huacha takriban 1.65 ya chumvi. Mimi hutia miligramu 3 kwa lita kila jioni, kwa hiyo ni kilo 7 nyingine. Kwa mwaka nilikuwa namimina zaidi ya kilo 170 mle ndani, na wote tulikuwa tukiilaumu klorini peke yake.

Tulitoa nusu ya maji, tukajaza ya bomba. Kipimo kikashuka hadi 2,150, na ladha ile ikaisha. Fundi alikataa katakata kulikausha bwawa lote, tena siku za bamvua, maana maji ya ardhini yakipanda yanaweza kuliinua bwawa tupu na kulipasua. Sasa naongezea maji ya bomba, na masika nitavuna ya paa la mabati.

Kipimo chenyewe nakisifu kwa moyo wote, ila kijue: hupima madini yote yaliyoyeyuka, kalisi pia, si chumvi pekee. Na usipokisuuza kwa maji safi baada ya kazi, kesho yake kitakudanganya. Changu kilinidanganya wiki nzima.

Kosa langu lilikuwa mahali pa kumwaga. Mpira niliuelekeza ukutani, na mwembe wa jirani umeungua majani upande ule. Nimekwenda kumwomba radhi. Mara nyingine nitaiacha klorini ishuke kwanza, kisha nimwage kwenye minazi yangu, inayostahimili chumvi.