TAHADHARI: Anauza safari ya boti ya "kutazama matumbawe" Ziwa Victoria, Entebbe. Msimtumie pesa

Ndugu zangu mnaozungumza Kiswahili hapa Kampala, Entebbe, Jinja na Masaka, na ninyi mnaopanga kuja kututembelea kutoka Mombasa, Mwanza au Goma, naomba msome hadi mwisho na mwafikishie wengine. Kuna mtu anauza safari ya siku moja ya boti ya mwendo kasi kutoka Entebbe. Tangazo lake linasema: visiwa vitatu kwa siku moja, kundi dogo la watu wanane tu, kuzamia kwa miwani na mrija, matumbawe, samaki wa rangi, chakula cha mchana, kuwakumbatia sokwe, kurudi saa kumi jioni. Bei ni shilingi 350,000 za Uganda kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto. Msimtumie hata shilingi moja. Amekula pesa za familia yetu, na mbaya zaidi, amewapakia watu na watoto kwenye chombo ambacho mimi nisingepakia hata magunia ya mkaa.

Anawinda kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili. Kiswahili anakijua vizuri, cha pwani hasa. Anakuita dada, anakuita shemeji, anakuuliza watoto hawajambo, anakwambia "sisi kwa sisi tusaidiane huku ugenini". Ukimpigia anapokea papo hapo. Hajipeleki kwa watu waliokulia kando ya ziwa hili, Ggaba au Kalangala, na sababu iko wazi: hao wangemuuliza swali moja tu, matumbawe gani hayo?

Hilo ndilo nataka kila mtu alishike. Ziwa Victoria halina matumbawe. Matumbawe huota kwenye maji ya chumvi, yenye joto na mwanga mwingi, na ziwa letu ni la maji baridi, yasiyo na chumvi. Tena karibu na Entebbe maji yake mara nyingi ni ya kijani kwa mwani, na kwenye ghuba magugu maji hujaa. Ukivaa miwani ukaingiza uso, utaona ukungu wa kijani na mkono wako mwenyewe. Samaki wapo, sato na sangara ndio wanaolisha miji yetu, lakini si samaki wa kuwatazama kwa mrija. Kwa hiyo mtu yeyote anayekuuzia matumbawe ya Ziwa Victoria, usisubiri kujua mengine. Keshakudanganya tayari, na anayedanganya kuhusu maji atadanganya kuhusu boti.

Zitazameni vizuri zile picha anazotuma. Moja inaonyesha mchanga mweupe na maji ya samawati, na pembeni kuna ngalawa yenye matengo, zile mbao za pembeni za kuizuia isipinduke, pande zote mbili. Mtu wa Nungwi au Msambweni hahitaji kuelezwa. Wavuvi wa Uganda hawatumii ngalawa ya matengo, chombo chao ni mtumbwi mrefu wa mbao. Picha ile ni ya bahari ya Hindi, na imebandikwa maneno "Entebbe, Uganda" kwa juu.

Hata njia yenyewe aliyoandika haiwezekani. Ameandika Ngamba, Bulago na Ssese, kwa siku moja. Ngamba iko kama kilomita 23 kusini mashariki mwa Entebbe, na Bulago iko upande huo huo. Ssese ni visiwa 84 na viko upande wa kusini magharibi. Feri ya MV Kalangala, kutoka Nakiwogo hapa Entebbe mpaka Lutoboka kwenye kisiwa cha Bugala huko Ssese, hutumia zaidi ya saa tatu kwa safari ya kwenda tu. Huwezi kuzunguka kote huko, ukala, ukaogelea, ukarudi saa kumi.

Kwetu alimpata wifi yangu akiwa bado Mombasa. Alikuwa anakuja na mumewe na watoto wawili, akataka kuwafanyia watoto jambo la kukumbuka. Kwanza aliombwa nusu, "kushika nafasi". Siku iliyofuata ukaja ujumbe mwingine: nafasi zimebaki mbili, kuna Wazungu wanazitaka, malizia leo au nawapa wao. Akamalizia. Jumla 1,050,000. Jina lililotokea kwenye simu wakati wa kutuma pesa halikufanana na jina la muuzaji, na alipouliza akajibiwa, "Huyo ni mhasibu wangu." Risiti aliyotumiwa ilikuwa picha tu, haina anwani wala namba ya usajili.

Nilifuatana nao asubuhi ya safari. Tuliambiwa tukutane saa mbili kwenye gati la hoteli moja. Saa mbili kasorobo simu ikaingia: mahali pamebadilika, njooni kwenye mwalo wa wavuvi, si mbali. Tulipofika, muuzaji hayupo. Tulimkuta kijana ana karatasi ya daftari yenye majina yaliyoandikwa kwa kalamu, na watu zaidi ya ishirini wamesimama kwenye matope wakiwa na taulo mabegani. Kila mmoja aliambiwa kundi ni la watu wanane.

"Boti ya mwendo kasi" ilikuwa mtumbwi wa mbao wenye injini moja nyuma. Kulikuwa na mtu ameinama ndani yake anakumba maji kwa kidumu kilichokatwa, na hatukuwa tumeondoka bado.

Nikaomba majaketi ya kuokolea. Yaliletwa yamefungwa kwa kamba kama mzigo wa kuni, hayakutosha watu wote, na yote yalikuwa ya kipimo kimoja. Nilimvisha mtoto wa wifi yangu, wa miaka sita. Kifungio cha kiunoni kilikuwa kimekatika, badala yake kumefungwa uzi wa nyavu. Nikalishika jaketi mabegani nikaliinua taratibu. Jaketi likapanda, mtoto akabaki chini, amezama ndani yake mpaka machoni. Kisha nikalibinya lile sponji, maji yakachuruzika mkononi mwangu. Jaketi lililokunywa maji halielei. Halitamshikilia mtu juu ya maji.

Nilimwambia yule kijana kwamba watoto hawapandi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Nnyabo (yaani mama, kwa Kiganda), hao tutawapakata, hakuna shida." Wifi yangu akawashika watoto mikono, tukarudi barabarani. Pesa hazikurudi mpaka leo.

Wapo waliopanda, maana walishalipa na walikuwa wametoka mbali. Siwalaumu hata kidogo. Wawili kati yao tumekuwa tukiwasiliana, na wamenieleza yaliyofuata. Walipelekwa kisiwa kimoja tu chenye kijiji cha wavuvi, ambacho hakimo kwenye tangazo. Kabla ya kushuka wakatakiwa kila mtu alipe shilingi 50,000 nyingine, "ada ya kisiwa". Chakula kilikuwa chapati na soda. Kuzamia kwenyewe walionyeshwa ufukwe wa matete, maji ya magotini, wakagawiwa miwani michache ya kupokezana. Wakati wa kurudi injini ikazima katikati ya ziwa. Walivutwa na wavuvi, wakafika giza limeshaingia, watoto wanatetemeka.

Ule ufukwe wa matete ndio unaonitia uchungu kuliko pesa, kwa sababu ya kichocho. Vimelea vyake hukaa kwa konokono wanaopenda maji ya kina kifupi, yaliyotulia na yenye majani, yaani pale pale walipoambiwa wapige magoti na kuingiza nyuso. Vinapenya ngozi yenyewe, huhitaji kunywa maji wala kuwa na kidonda. Binti mmoja wa kundi lile aliwashwa miguu jioni ile ile akadhani ni mbu. Wiki kadhaa baadaye akapata homa na kikohozi, akatibiwa malaria bila nafuu, mpaka daktari mmoja alipomuuliza kama aliingia ziwani. Kilikuwa kichocho. Anaendelea vizuri sasa, amepewa dawa ya praziquantel. Wasafirishaji wa kweli wa Entebbe wanalijua hili na humwambia mgeni wazi kabla hajavua viatu.

Na msidhani habari ya boti mbovu ni wasiwasi wangu tu wa kike. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na Mpatta, wilaya ya Mukono. Zaidi ya watu 30 walikufa, vijana wengi, watu waliotoka Jumamosi kwenda kufurahi. Haikuwa na leseni, na ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake. Ilizama si mbali na ufukwe. Kila nikikumbuka wale watu zaidi ya ishirini kwenye mtumbwi unaokumbwa maji, jina hilo hunijia.

Sitaki mtu aogope ziwa. Safari nzuri zipo. Ngamba inaendeshwa na shirika linalohifadhi sokwe yatima tangu 1998, na kwa boti ya kasi ya kweli unafika kwa muda usiozidi saa moja hivi. Utawatazama sokwe wakilishwa ukiwa kwenye jukwaa nyuma ya uzio. Hakuna kuwakumbatia, kwani magonjwa yetu huwapata na wao wana nguvu ya kumvunja mtu mkono. Anayekuahidi kumkumbatia sokwe kwa ziara ya kawaida, huyo naye mpite. Ssese unaweza kwenda kwa feri ya Nakiwogo, au upitie Masaka hadi Bukakata uvuke kwa feri mpaka Luku, na kivuko hicho hakilipiwi. Ukitaka miwani na mrija, weka akiba uende Mnemba au Chumbe kule Zanzibar, Mafia, au hifadhi ya Kisite-Mpunguti upande wa Shimoni. Huko matumbawe yapo.

Kabla ya kulipa mtu yeyote hapa Entebbe, muulize jina la kampuni lililosajiliwa, kisha ulithibitishe Bodi ya Utalii ya Uganda, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa wasafirishaji wa watalii. Mwombe picha ya boti yenyewe ikiwa na namba yake ubavuni, si picha ya maji. Uliza boti ina uwezo wa abiria wangapi na kama ina injini ya akiba. Kama una watoto, taja uzito wao na uombe kuona majaketi ya kipimo chao. Mwenye kampuni halali hachukii maswali haya, kwani anayajibu kila siku. Sehemu kubwa ya pesa ilipwe gatini, ukiwa umeiona boti kwa macho. Na ukifika ukakuta mahali pamebadilishwa dakika za mwisho, au hakuna orodha ya abiria yenye majina na simu za jamaa, ondoka hata kama umeshalipa. Muulize nahodha pia saa ya kurudi. Upepo wa alasiri huinua mawimbi, hasa Juni mpaka Agosti kusi inapovuma, na dhoruba za ziwa hili hupenda usiku.

Tulikwenda polisi, tukaandikisha maelezo, tukapewa namba ya kumbukumbu. Namba ya simu ya yule mtu ilizimwa siku ile ile. Sasa amerudi kwa jina jipya na namba mpya. Nimemtambua kwa sababu tangazo ni lile lile neno kwa neno, pamoja na kosa lake la "visiwa vitato", na ile picha ya ngalawa bado ipo ya pili kutoka juu. Ukiiona kwenye kundi lako, mwambie msimamizi aiondoe, lakini kwanza piga picha ya skrini ikionyesha namba na tarehe.

Kama umeshamlipa kwa safari ya wikendi hii, piga simu sasa hivi kwa kampuni ya simu uliyotumia, uwape namba ya muamala na uwaombe wazuie pesa hizo kabla hazijatolewa. Usimwambie muuzaji kwamba umemshtukia mpaka umalize hilo. Halafu nenda polisi na ujumbe wote, sauti alizokutumia, na jina lile la "mhasibu".

Waliokuwa nasi mwaloni siku ile na ambao sijawapata, niandikieni ujumbe wa faragha. Afisa aliyetupokea alisema malalamiko ya watu wengi dhidi ya namba moja yana uzito kuliko ya familia moja, na mpaka sasa tuko familia tatu. Na kama uliingia kwenye yale maji, usipime kesho ukaridhika, kwa kuwa kipimo cha mapema hukikosa kichocho. Ngoja wiki sita hadi nane, kisha umwambie daktari wazi kwamba uliingia ziwani. Ukipata homa kabla ya hapo, usisubiri, nenda siku hiyo hiyo umwambie vivyo hivyo.