ThinkPad T470 na Debian 13: uzoefu wangu kuanzia dukani

Kama unatafuta kompyuta mpakato ya mtumba ya kuwekea Linux, mfumo endeshi huria unaotumika badala ya Windows, ThinkPad T470 ya Lenovo naipendekeza bila wasiwasi. Ila nenda dukani na flashi mfukoni.

Ni mashine ya 2017. Niliyonunua ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 7, i5-7200U. Prosesa hiyo haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mtu wa Windows ni mashine iliyokwisha. Debian 13, toleo la mojawapo ya mifumo ya Linux lililotoka Agosti 2025, inaiendesha vizuri kabisa.

Kariakoo wauzaji wamezoea mteja anayekagua kava, akauliza RAM GB ngapi, akalipa. Mimi niliomba niiwashe kwa flashi yangu yenye Debian ya majaribio, ile inayofanya kazi moja kwa moja kwenye flashi bila kugusa diski. Muuzaji alikuwa mstaarabu: "Jaribu tu kaka, umeme upo." Unabonyeza F12 mara tu nembo ya Lenovo inapotokea, unachagua flashi, unasubiri kidogo. Secure Boot, ulinzi unaozuia mifumo isiyo na saini inayotambulika kuwaka, sikuizima, maana Debian inawaka nayo tangu toleo la 10.

Kisha nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika lspci -nn. Amri hiyo inaorodhesha chipu zilizomo pamoja na namba mbili kwa kila moja: ya kwanza ya mtengenezaji, ya pili ya chipu yenyewe. Mstari wa Wi-Fi ulikuwa na 8086:24fd. 8086 ni Intel, 24fd ni kadi ya 8265, na draiva yake (programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi), iwlwifi, imo tayari ndani ya kaneli, kiini cha Linux. Namba hizo naziamini kuliko jina lililoandikwa kwenye kava. Modeli ileile inaweza kuuzwa na kadi mbili tofauti za Wi-Fi: moja inashika mtandao papo hapo, nyingine inakutaka utafute draiva wakati huna intaneti ya kuitafutia.

Tena draiva peke yake haitoshi. Kadi kama hii inahitaji na fimwea, faili dogo ambalo kaneli huliingiza kwenye kadi kila inapoianzisha. Zamani Debian haikuziweka faili hizo kwenye flashi yake ya kawaida ya usakinishaji kwa sababu si programu huria, na watu walikuwa wanaunga simu kwa waya wa USB ili wapate mtandao wa kumalizia kazi. Mwaka 2022 wanachama wa mradi walipiga kura, na kuanzia toleo la 12, Juni 2023, fimwea zimo. Waliopinga nawaheshimu, walikuwa wanatetea msingi ambao Debian imesimama juu yake. Lakini kwa anayeanza, na bando lake la kupimapima, uamuzi ule ulikuwa sahihi.

Sauti, kamera, HDMI na vitufe vya mwanga wa skrini vyote vilikubali. Usiache kufunga kifuniko, usubiri kidogo, kisha ukifungue tena. Kuna kompyuta zinazolala na kugoma kuamka, na hilo hutalijua kwa kutazama. Hii iliamka vizuri.

Betri ziko mbili, ya ndani na ya kuchomoa. Andika upower -d, ulinganishe energy-full (uwezo wa sasa ikijaa) na energy-full-design (uwezo wa kiwandani) za kila moja. Ya ndani ilikuwa na hali nzuri, ya kuchomoa ilikuwa chini ya nusu ya uwezo wake wa kiwandani. Nilimgeuzia muuzaji skrini akajisomea mwenyewe, tukaongea bei upya.

Kisichofanya kazi ni kisomaji cha alama za vidole. Chipu yake haiungwi mkono na libfprint, ile maktaba ambayo Debian inaitegemea kwa kazi hiyo. Wapo waliojitengenezea draiva ya pembeni, ila mimi naandika nywila tu.

Baada ya kuona yangu, mdogo wangu naye akataka Debian kwenye kompyuta yake, mpya kuliko hii na ya kampuni nyingine. Flashi iliwaka, Wi-Fi ikashika, lakini kisakinishi hakikuiona diski hata kidogo. Fundi mmoja alikuwa ameshamwambia diski imekufa. Diski ilikuwa nzima. Ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguka kabla mfumo haujawaka, kidhibiti cha diski kilikuwa kimewekwa kwenye RAID, hali ambayo kisakinishi hakikuweza kuisoma. Tukakibadili kuwa AHCI, hali ya kawaida ya diski, diski ikaonekana, kazi ikaendelea. Yeye alikuwa anafuta kila kitu, kwa hiyo hakukuwa na cha kupoteza. Wewe kama unataka kubaki na Windows upande wa pili, usibadili mpangilio huo hivihivi, itagoma kuwaka. Panga kwanza Windows iwake kwenye hali salama, ndipo ubadili BIOS, uiache iwake mara moja humohumo, kisha uirudishe kwenye hali ya kawaida. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, hakikisha ufunguo wa kuifungulia umeshaunakili mahali pengine kabla hujagusa chochote.