Swichi za kibodi: usinunue kwa rangi, uzoefu wangu

Mi kazi yangu ni kuchapa, mikataba, barua, tasnifu za wanafunzi, vidole vinashinda kwenye kibodi toka asubuhi, kwa hiyo nilipohamia kibodi za mekanika, zile zenye swichi yake chini ya kila kitufe, nilidhani rangi ya swichi inatosha kuchagulia. Haitoshi jamani.

Nilianza na Cherry MX Red ya Wajerumani. Inashuka moja kwa moja hadi chini, unaisukuma kwa kama gramu 45 hivi na herufi inaingia ukifika milimita 2 wakati safari nzima ni 4. Ni imara kweli, ila ukibonyeza taratibu niliisikia inakwaruza kidogo. Baadae nikapata Gateron Yellow ya Wachina, nayo inashuka hivyo hivyo, kama gramu 50, na hii inateleza utadhani imepakwa mafuta halafu bei iko chini! Patenti ya Cherry, yaani haki yao ya kutengeneza swichi za aina hii peke yao, ilipoisha ndo viwanda vingine wakaingia na kwa kweli wateja tumefaidika.

Sasa rudi kwenye rangi na majina. Clear ya Cherry ni nzito na katikati unasikia kabisa kinundu kidoleni, lakini Clear ya Gateron haina kinundu chochote na ni nyepesi kupita zote nilizogusa, jina moja vitu viwili tofauti kabisa, ukiagiza kwa kukariri jina utaletewa kitu ambacho hukutaka. Uliza kwanza: inashuka moja kwa moja, ina kinundu, au inalia? Halafu uliza gramu. Brown ya Cherry inaitwa ya kinundu lakini kwangu kile kinundu hakisikiki ukichapa haraka, siipendekezi.

Iliyonishika mwenyewe ni Kailh Box White. Inalia, ila mlio wake ni mkali na safi kwa sababu unatoka kwenye kijiwaya kinachoruka, MX Blue ya Cherry nayo inalia lakini mlio wake naona umelegea. Pia kule ndani shina, ile sehemu inayoshuka ukibonyeza, limezungushiwa kiboksi kinachozuia vumbi, na hapa kwetu barabara ya vumbi iko mlangoni, hilo kwangu ni kubwa kuliko mlio.

Ukinunua tafuta kibodi ambayo swichi zinachomoka kwa koleo lake bila kuchomelea. Mi mchana naweka Box White, nikiwa na kazi ya usiku na watoto wamelala narudisha zile Yellow ambazo hazilii.