Kimashine cha sukari tulichochangishana wodini, miezi 8 sasa

Jamani mmeniuliza sana inboksi kuhusu hiki kimashine cha kupima sukari kwenye damu, naandika hapa mara moja yaishe. Mi ni nesi wa wodi ya vichanga, cha wodini kilikufa tukasubiri kingine mpaka tukachoka, ikabidi tuchangishane manesi 6 tukanunua Kariakoo kwa elfu 65, ndani kina stripu 25, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu.

Kwa mtu mzima wa kisukari karibu chochote kitamfaa, ila sisi tunapima watoto waliochelewa kulia, wale kondo la nyuma limeachia mapema au kitovu kimetangulia kutoka kabla ya mtoto, damu ikapungua kwenda kwenye ubongo. Mtoto wa hivyo anamaliza sukari yake fasta sana, maana seli zikikosa oksijeni zinachoma glukosi nyingi kupata nguvu kiduchu, kama jiko bovu linalokula debe zima la mkaa na maharage bado magumu.

Usiku mmoja nikapokea mtoto wa kilo 3, keshapigwa ambubegi, ule mfuko wa kumpulizia hewa, rangi imerudi, kila mtu alhamdulillah. Kama saa moja hivi naona anatafunatafuna midomo afu miguu inaendesha baiskeli, na degedege la kichanga ndo lilivyo, ukisubiri mtikisiko wa watu wazima utasubiri sana. Nikapima, 1.4 (kipimo chetu ni mmol/L). Sisi chini ya 2.6 hatujadili, nikavuta D10, maji ya glukosi ya asilimia 10, mili 6, yaani mili 2 kwa kila kilo, nikasukuma taratibu na dripu ikafuata, baada ya nusu saa 3.8. Kimashine kilinipa jibu kwa sekunde 5, maabara ningeambiwa niende asubuhi.

Sasa kasoro. Ikishuka chini ya 1.1 kinaandika Lo tu, yaani iko chini, hakitoi namba, inakera. Damu ya kichanga ni nzito kwahiyo kinasoma chini kidogo, jibu la ajabu peleka sampo maabara ila usichelewe kutibu. Mguu ukiwa wa baridi damu haitoki vizuri, upashe kwanza, choma pembeni ya kisigino sio katikati, spiriti ikauke, tone la kwanza futa. Watu wengi wanalaumu mashine kumbe ni hapo.

Na msipime ile ya kushuka tu! Kuna shifti mtu alisukuma D50, glukosi kali ya asilimia 50, bila kuichanganya na maji, kikasoma 14, nilitetemeka mimi. Watoto waliokosa hewa, wa sukari ya chini na wa sukari ya juu wote huwa wanatoka na ubongo umeumia zaidi kuliko waliokaa katikati, kwahiyo ukishampa rudia kupima, usimpe ukaenda kunywa chai.

Nyota 4 kwa 5. Moja nimeikata kwa stripu, kopo la 50 ni elfu 40 na lile duka zinaisha kila mwisho wa mwezi, pigeni simu kabla hamjapanda daladala.