Tairi za A/T au M/T kwa Prado?

Prado 150 ya rimu 17 huvaa 265/65R17, na saizi hiyo ipo kwa aina zote mbili: A/T (all-terrain, ya njia zote) na M/T (mud-terrain, ya matope). Kwenye lami A/T inashinda waziwazi: haivumi sana, na mvua ikinyesha inashika breki vizuri zaidi.

Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi mambo hugeuka. Kashata (meno ya tairi) za A/T hujaa tope, tairi ikateleza kama kipara; M/T, yenye nafasi pana kati ya kashata, hulitema. Mchangani M/T huchimba haraka. A/T ikishushwa upepo hadi psi 18 huelea, ila ijaze kabla ya kurudi lamini, maana ikichemka inaweza kupasuka.

Kwa safari za kawaida, chukua A/T. Penye mawe makali, tafuta yenye alama LT (light truck, ya magari ya mizigo midogo): ubavu wake ni mgumu zaidi.